Aliyepasuliwa goita asivuke ziwa bila karatasi, na deksa isikatishwe ghafla

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kandokando ya ziwa letu, Victoria, kuna wagonjwa wanaotibiwa malaria, wanaoanzishiwa dawa za kifafa, au wanaopelekwa kupungwa pepo, kumbe kilichozimika mwilini ni tezi. Tezi tunazozisema ni za aina mbili: parathairoidi zilizoko shingoni, na adrenali zilizokaa juu ya figo. Ni ndogo na hazipapasiki kwa mkono. Lakini zikizimika ghafla mgonjwa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na dawa ya kumwokoa inaenea kwenye bomba moja la sindano.

Tunaziandika pamoja kwa sababu mara nyingi zinazimwa na mkono wa binadamu: kisu cha upasuaji upande mmoja, kidonge cha dukani kama deksa upande wa pili. Zinapozimika, mgonjwa ameshatoka hospitalini. Yuko Ukara, Kome au Kayenze, na anayempokea ni mganga wa zahanati mwenye kipimo cha malaria, mashine ya presha na kabati la dawa. Huyo ndiye tunayemwandikia kwanza, pamoja na ndugu anayelala na mgonjwa.

Tuanze na shingo. Watu wengi wana parathairoidi nne, mbili juu na mbili chini, zimejibandika nyuma ya thairoidi, ile tezi inayovimba mtu anapopata goita, au rovu kama wengine wanavyoiita. Kila moja ni kama punje ya mchele, ina uzito wa miligramu 30 hadi 50 tu. Rangi yake ni njano inayoelekea kahawia, karibu sawa na mafuta yanayoizunguka, na hapo ndipo taabu ya daktari wa upasuaji inapoanzia. Zile mbili za juu huwa mahali panapotabirika. Za chini hutangatanga, kwa sababu mtoto akiwa tumboni huteremka pamoja na tezi ya kifuani, kwa hiyo zinaweza kukutwa popote kuanzia pembeni mwa thairoidi hadi ndani ya kifua. Kwa binadamu zilielezwa mwaka 1880 na Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi.

Kazi yake ni kuzuia kalsiamu ya damu isishuke. Kiwango cha kawaida ni milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita. Kikipungua kidogo tu, homoni ya parathairoidi hutoka na kufanya mambo matatu: huchota kalsiamu mfupani, huizuia figo isiimwage kwenye mkojo, na huiamuru figo kuifanya vitamini D iwe hai ili utumbo unyonye kalsiamu ya chakula. Jambo hili la tatu tutalirudia, maana watu wengi hukosea hapo.

Goita inapoondolewa yote, parathairoidi zinaweza kukatwa pamoja nayo bila kukusudia. Zinaweza pia kubaki mahali pake, kwa macho zikiwa nzima, lakini hazina damu. Ateri ya chini ya thairoidi ndiyo hulisha kwa kawaida parathairoidi za juu na za chini za upande wake. Ikifungwa kwenye shina badala ya kufungwa kwenye vitawi karibu na thairoidi, tezi zote mbili za upande huo hunyauka. Goita kubwa ya miaka mingi huzisogeza na kuzilaza kama utando juu yake, na kazi inakuwa ngumu hata kwa mkono mzoefu. Daktari makini huigeuza na kuikagua thairoidi aliyoitoa kabla haijaondoka chumbani. Akiona parathairoidi imeng'oka nayo, huikata vipande vya kama milimita 1 na kuvipanda kwenye msuli wa shingo, na baada ya wiki kadhaa huanza kufanya kazi tena.

Hata kwa upasuaji mzuri, kushuka kwa kalsiamu kwa muda huwapata wagonjwa wengi, karibu robo ya wanaotolewa thairoidi yote. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi. Wachache hubaki na upungufu wa maisha.

Sasa hesabu siku. Homoni yenyewe huisha kwenye damu ndani ya dakika, lakini kalsiamu hushuka taratibu na mara nyingi hufika chini kabisa kati ya saa 24 na 72 baada ya upasuaji. Mgonjwa aliyepasuliwa Jumatatu akaruhusiwa Jumatano, akapanda meli ya Nansio, Ukerewe, siku hiyohiyo, usiku huo yuko kijijini, na ndio usiku wenyewe.

Dalili ya kwanza ni ganzi au hali ya kutambaliwa na sisimizi pembeni mwa midomo na kwenye ncha za vidole. Isidharauliwe. Baadaye misuli hukaza. Uangalie mkono: kifundo kimekunjika, vidole vimenyooka na kubanana, gumba limelala ndani ya kiganja, kama mkono wa mkunga anapojiandaa kumchunguza mzazi. Miguu nayo hukakamaa, nyayo zikielekea chini. Tofauti na kifafa, mgonjwa huyu kwa kawaida ana fahamu zake zote, anakujibu, na anaumia sana. Ikiendelea anaweza kupata degedege la kweli, au koo la sauti likabana akaanza kukoroma kila anapovuta pumzi. Hapo hakuna muda wa kumpeleka popote kabla ya sindano.

Zahanati isiyo na maabara inaweza kuthibitisha kwa mashine ya presha. Funga mkanda mkononi, ujaze hewa mpaka upite presha ya juu ya mgonjwa kwa milimita 20, uuache dakika 3. Mkono ukijikunja mithili ya ule wa mkunga, kalsiamu imeshuka. Kipimo cha kugonga kwa kidole mbele ya sikio na kuona mdomo ukicheza ni dhaifu zaidi, kwa sababu hata baadhi ya watu wazima wenye afya hucheza.

Tiba ni kalsiamu glukoneti ya asilimia 10. Chukua mililita 10 hadi 20, changanya na mililita 50 hadi 100 za glukosi ya asilimia 5 au maji ya chumvi, itiririke kwenye mshipa kwa dakika 10 hadi 20. Ukiisukuma haraka, moyo unaweza kusimama. Usiichome kwenye msuli wala chini ya ngozi, nyama itaoza. Usiipitishe kwenye mrija mmoja na seftriaksoni wala bikaboneti, hugandana na kuwa kama chokaa. Anayetumia dijoksini, dawa ya moyo, apewe kwa uangalifu zaidi, moyo ukifuatiliwa. Ganzi huondoka ndani ya dakika chache na mgonjwa hukuambia mwenyewe, lakini hurudi baada ya saa chache. Ndiyo maana hufuatwa na dripu: mililita 100 za dawa hiyohiyo, yaani ampuli 10, ndani ya lita 1 ya maji ya chumvi, ikienda mililita 50 kwa saa huku kalsiamu ikipimwa. Isipopanda licha ya hayo yote, pima magnesiamu. Magnesiamu ikiwa chini, unamwaga maji kwenye gunia.

Kisha vidonge. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi miligramu 500. Mgonjwa huhitaji gramu 1 hadi 3 za kalsiamu halisi kwa siku, zikigawanywa mara tatu, amezee pamoja na chakula kwa kuwa zinahitaji tindikali ya tumbo. Anayemeza omeprazoli, inayopunguza tindikali hiyo, atanyonya kidogo. Kosa tunaloliona sana ni kumeza kalsiamu pamoja na kidonge cha levothairoksini anachopewa kila aliyetolewa thairoidi. Kalsiamu huishika levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Levothairoksini inywewe alfajiri na maji matupu, kalsiamu baada ya saa 4.

Kosa la pili ni kumpa vitamini D ya kawaida ya dukani na kudhani yametosha. Tulisema kuwa homoni ya parathairoidi ndiyo inayoiamuru figo kuifanya vitamini D iwe hai. Homoni ikikosekana, figo haiamriwi, na vitamini D ya kawaida hubaki imelala. Huyu anahitaji iliyokwisha kuamshwa: kalsitrioli mikrogramu 0.25 hadi 0.5 mara mbili kwa siku, au alfakalsidoli mikrogramu 0.5 hadi 1 mara moja. Na lengo si kuipandisha kalsiamu mpaka katikati. Iache karibu na mpaka wa chini, kwa maana bila homoni figo humwaga kalsiamu nyingi kwenye mkojo, na ukizidisha unamtengenezea mawe ya figo.

Wengi hutuuliza kuhusu dagaa. Dagaa wa ziwa letu huliwa na mifupa yake, na ni chakula kizuri cha kalsiamu kwa kila mtu. Ale. Lakini wiki ya kwanza baada ya upasuaji hawatoshi kuchukua nafasi ya vidonge.

Upande wa pili, parathairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, tutausema kwa kifupi. Mara nyingi tezi moja kati ya nne huota uvimbe usio wa saratani. Mgonjwa ana mawe ya figo yanayorudi, mifupa inauma, choo kigumu, kiu, mkojo mwingi, uchovu usioelezeka. Anayetoa jiwe la figo kwa mara ya pili apimwe kalsiamu. Ikiwa juu na homoni ya parathairoidi haijashuka, jibu limepatikana, na tiba ni kuitoa hiyo moja. Wagonjwa wa figo sugu nao tezi hizi huvimba zote, kwa njia nyingine na kwa matibabu mengine.

Tushuke kwenye adrenali. Ziko mbili, kila moja gramu 4 hadi 5. Ya kulia ina pembe tatu kama kofia, ya kushoto ni kama mwezi mchanga. Ganda lake lina matabaka matatu: la nje hutoa aldosteroni inayohifadhi chumvi, la kati hutoa kortisoli, la ndani hutoa homoni dhaifu za kiume kwa wanaume na wanawake. Kiini chake hutoa adrenalini. Kortisoli ndiyo inayoshikilia presha na sukari mwili unapougua, unapoumia au unapopasuliwa. Hupanda alfajiri na kushuka usiku.

Mwaka 1855 daktari Mwingereza Thomas Addison alieleza ugonjwa wa ganda hili kufa, na baadhi ya wagonjwa wake walikuwa na TB ndani ya tezi zenyewe. TB bado ni sababu kubwa katika nchi kama yetu. Lakini kinachotusukuma kuandika leo ni deksa.

Deksamethasoni, yaani deksa, na predinisoloni ni steroidi, dawa zinazofanya kazi ya kortisoli, nazo ni dawa za cheti. Hata hivyo huuzwa kama vidonge vya kunenepesha, vya kuleta hamu ya kula, vya mgongo na magoti, wakati mwingine bila hata jina kwenye pakiti. Tuweke hesabu wazi. Mtu asiye na adrenali kabisa anahitaji haidrokotisoni (kortisoli ya dawa) miligramu 15 hadi 25 kwa siku, au predinisoloni miligramu 3 hadi 5. Kidonge kimoja cha deksa cha miligramu 0.5 kinalingana na predinisoloni miligramu 3 na ushei. Anayemeza viwili asubuhi na viwili jioni amejaza zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya mwili. Tezi ya pituitari chini ya ubongo hupima, ikaona kortisoli imejaa, ikaacha kutuma homoni ya ACTH. Bila ACTH tabaka la kati la adrenali husinyaa. Wiki 3 hadi 4 zinatosha, na kuamka kwake kunaweza kuchukua miezi, hata mwaka.

Krimu nazo zimo. Klobetasoli ya asilimia 0.05, steroidi ya kupaka inayopatikana kwenye mikorogo mingi, inaweza kuilaza adrenali hata kwa gramu 2 kwa siku. Krimu inayotoka kwenye tyubu kujaza ncha ya kidole cha shahada mpaka kiungo cha kwanza ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Mwili mzima wa mtu mzima hula gramu 20 na zaidi kwa kupaka mara moja. Piga hesabu mwenyewe kwa anayejipaka kila usiku. Vipodozi vyenye steroidi vimepigwa marufuku nchini, lakini vimo madukani, na mama anayejipaka humpakaza pia mtoto anayembeba.

Dalili za kuzidi hupokewa kwa furaha. Uso umejaa, mashavu yamekuwa ya duara, majirani wanasema amenawiri. Mtazame mikono na mapaja: vimekonda. Mwambie achuchumae ainuke bila kushika kitu. Hawezi, au anajikongoja. Tumbo lina michirizi mipana, presha imepanda, sukari imepanda. Ndipo mtu anamwambia dawa hiyo ni mbaya, anaitupa siku hiyohiyo.

Siku chache baadaye, au malaria kidogo ikimpata, anaanguka. Anatapika, tumbo linauma, amelegea, presha iko chini na haipandi hata baada ya chupa mbili za maji, sukari imeshuka, anachanganyikiwa. Kila dalili hapo inaweza kuitwa malaria au taifodi, na inawezekana malaria ipo kweli, nayo ndiyo iliyomwangusha. Mtibu malaria, lakini malaria peke yake haielezi presha isiyopanda.

Kwa Addison halisi ACTH hupanda sana na ngozi inakuwa nyeusi zaidi. Kwa ngozi yetu usitazame uso. Tazama ufizi, mistari ya kiganja, makovu mapya, viwiko. Mgonjwa hutamani chumvi, potasiamu iko juu. Kwa aliyekatisha deksa ngozi haibadiliki na potasiamu mara nyingi ni ya kawaida, kwa sababu aldosteroni haitegemei sana ACTH. Kwa hiyo kukosa weusi kusikudanganye. Uliza swali moja: "Umewahi kumeza vidonge vya kunenepa, vya pumu au vya maumivu, kuchomwa sindano ya goti, au kupaka krimu ya kung'arisha?" Uliza faragha, maana mbele ya mume au mama mkwe jibu litakuwa hapana.

Wanaoanza dawa za TB wana mtego wao. Rifampisini hulifanya ini livunje kortisoli haraka. Mwenye adrenali iliyobaki kidogo anaweza kuanguka wiki za mwanzo za matibabu, watu wakailaumu TB. Anayetumia haidrokotisoni huhitaji dozi mara mbili au tatu akiwa kwenye rifampisini. Kinyume chake, ritonaviri huzuia steroidi zisivunjwe, kwa hiyo flutikasoni ya kuvuta kwa pumzi au sindano moja ya triamsinoloni gotini inaweza kumvimbisha uso mgonjwa wa VVU anayetumia ritonaviri.

Mgonjwa aliyeanguka apewe haidrokotisoni miligramu 100 mara moja, kwenye mshipa, au kwenye msuli wa paja kama mshipa haupatikani. Mtoto chini ya mwaka 1 apewe miligramu 25, wa mwaka 1 hadi 5 miligramu 50, wa miaka 6 na kuendelea 100. Maji ya chumvi lita 1 kwa saa ya kwanza kwa mtu mzima, glukosi kama sukari imeshuka. Kisha miligramu 50 kila saa 6. Kama kituo hakina haidrokotisoni, deksamethasoni ya sindano miligramu 4 itamvusha mpaka afike. Chota damu ya kortisoli ukiweza, lakini usisubiri majibu. Sindano moja kwa asiyeihitaji haimdhuru. Kuikosa kwa anayeihitaji kunamuua.

Tafadhali, msomaji anayetumia dawa hizi kwa pumu, figo au baridi yabisi asiziache kwa sababu ya barua hii. Zilizotumika siku 5 au 7 zinaweza kukoma bila kupunguzwa. Zilizotumika zaidi ya wiki 3 au 4 hupunguzwa na mtaalamu. Anayemeza deksa huhamishiwa kwanza predinisoloni ya asubuhi, kwa kuwa deksa hukaa mwilini muda mrefu na haiipi tezi nafasi ya kuamka. Ikifika miligramu 5, hupunguzwa miligramu 1 kila mwezi, au hupimwa kortisoli ya saa mbili asubuhi, saa 24 tangu kidonge cha mwisho. Ikizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi imeamka. Ikiwa chini ya 150, bado imelala. Kati ya hapo, endelea na dozi ndogo upime tena baada ya wiki kadhaa. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni aseme kabla ya kupimwa, vinapandisha namba kwa uongo.

Tunachoomba kwa hospitali za mkoa wetu ni karatasi mbili. Anayetolewa thairoidi yote apimwe kalsiamu kabla ya kuruhusiwa, asisafiri mbali kabla ya saa 72 kama hakupimwa, aondoke na vidonge vya kalsiamu mkononi, na karatasi yake iandikwe tarehe ya upasuaji na maneno haya: "Ganzi midomoni au vidole kukaza ni kalsiamu kushuka. Meza gramu 1 ya kalsiamu halisi (vidonge viwili vya miligramu 1,250) sasa hivi, kisha nenda kituoni, usingoje asubuhi." Anayetumia steroidi zaidi ya mwezi apewe kadi ndogo ya kukaa kwenye pochi, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: "Natumia steroidi kila siku. Nikiwa na homa, dozi yangu iongezwe mara mbili. Nikitapika mara mbili, nikizimia au nikijeruhiwa, nichomwe haidrokotisoni miligramu 100 kabla ya kipimo chochote."

Tabibu na mfamasia,
Ilemela, Mwanza